Msumari wa Tatu

4 Machi

Dada yangu Sindano,

Pokea salamu za nyumba nzima. Nyumba nzima ni mimi, Mama na yule paka asiye na mkia, ambaye siku hizi amehamia karakana na kujifanya msimamizi. Goti la Mama linauma siku za mvua. Siku za jua analisahau na kupanda ngazi kukagua bati. Masikio ndiyo yamezidi kuziba. Juzi sufuria kubwa limeanguka nyuma yake, puu, hata hakugeuka. Shemeji hajambo? Mwambie mkate aliotuma ulifika ukiwa mgumu wa kuzuilia mlango, lakini tuliuloweka kwenye chai tukaumaliza.

Najua utauliza kwa nini siku hizi naandika badala ya kupiga simu. Kwenye simu mimi hujibu "sawa, sawa" kwa kila kitu, nawe hujifanya una mteja. Karatasi inatulazimisha kukaa.

Jambo lenyewe ni hili: nimepata kazi. Mwalimu wa kuogelea, mwanamke mwembamba anayetembea kama amechelewa, anataka kayaki ya fremu ya mbao na ngozi ya turubai, zile zile za Baba. Ni ya kwanza tangu yale ya mdogo wetu. Nilisita siku tatu, kisha nikakubali, maana fito zilikuwa zinaozea kwenye kona na mimi pamoja nazo. Nimempima na kumfungia kamba yake kama Baba alivyotufungia sisi: fundo la nyonga, fundo la paja, fundo la mguu, fundo la mkono ulionyooshwa. Nimeitundika kwenye msumari wa nne, pembeni ya ile mitatu yetu.

Fremu naiweza. Kupinda mataruma, zile mbavu zake, kwa mvuke naweza. Kushona ngozi siwezi, na unajua siwezi. Nikishika sindano damu inatoka kabla ya uzi kupita. Lile turubai linataka mkono wako. Njoo wiki moja tu, ushone, upake nta, urudi kwako.

Halafu swali dogo. Nilipokuwa napanga vitu nimeona msumari wa tatu, wa mdogo wetu Kibonge, hauna kitu. Kamba yake hukuiona popote?

Kaka yako

19 Machi

Kaka,

Huku kwetu ni wazima kwa kiasi chetu. Shemeji yako amebadilisha mlango wa tanuri na sasa anaringa utafikiri amejenga daraja. Amekasirika kuhusu mkate, halafu akacheka, halafu akaoka mwingine ambao nimemkataza kuutuma. Mimi bado niko kwenye duka la mapazia, ghorofa ya pili, dirisha linatazama stendi ya mabasi. Meza yangu ya kukatia ni ndefu kuliko chumba tulicholala sisi watatu utotoni. Mwambie Mama akae chini ya bati na siyo juu yake.

Kuja kushona, hapana. Usinibembeleze.

Nimechagua mapazia kwa akili zangu timamu. Pazia likiachia mshono, jua linaingia ndani, basi. Hakuna anayezikwa. Siku ya mazishi ulisimama mbele ya watu ukasema maji yaliingia kwenye mshono, kayaki ikajaa, ikazama naye. Sikukubishia. Ningekubishia na nini? Mshono ulikuwa wangu, na kayaki imelala chini ya ziwa. Majirani walinipa mkono wa pole huku wakiniangalia vidole.

Miaka miwili sasa naushona ule mshono upya kichwani. Naanzia mbele, nafika katikati ya mgongo, naendelea. Kuna mahali karibu na nyuma uzi uliniishia, nikaunga mwingine kwa fundo bapa. Nadhani ni pale. Kila nikikata kitambaa cha mteja najiambia ni pale.

Wewe ulikuwepo, mimi sikuwepo. Nijibu kitu kimoja tu, Kaka: mshono uliachia wapi? Ni pale kwenye kiungo? Nikijua, angalau nitaacha kushona sehemu nyingine.

Dada yako

2 Aprili

Sindano,

Barua yako imefika, nimemsomea Mama zile sehemu za tanuri na pazia, akacheka. Sehemu nyingine sikumsomea. Mambo ya zamani tuyaache yapumzike. Hayakusaidii wewe, hayanisaidii mimi.

Nikuletee habari za kazi, maana zinachekesha. Fremu ya mwalimu imesimama. Mkuku umenyooka chini, fito zimekaa, nimefunga viungo mia moja na kumi na vidole vyangu vimevimba kama maandazi. Jana nikaleta kamba yake nikapime. Dada, upana haukukubali. Mwalimu ni mwembamba, hata upepo unampita bila kumgusa, na mimi nimemtengenezea fremu ya mtu wa kujaza mlango. Nikasema nimezeeka. Nikafungua viungo vyote, nikachemsha mataruma mapya, nikapinda upya, kamba ikiwa mkononi muda wote. Nimemaliza leo. Nimepima. Upana ni ule ule wa mwanzo, hauzidi, haupungui.

Usiniulize ni upana wa nani.

Kingine cha kuchekesha. Mama, ambaye hakusikia sufuria, ameniuliza wakati wa chakula cha mchana nani anagonga karakana. Nikamwandikia kwenye kibao chake kwamba hakuna mtu. Akasema, "Basi mfungulie huyo hakuna mtu, anagonga tangu asubuhi."

Kamba ya Kibonge umeitafuta kwenye vitu vyako? Ningekuwa nayo ningeweka kando ya fremu nione kama ni kichwa changu tu.

Kaka

15 Aprili

Kaka,

Sijambo, shemeji yako hajambo, tanuri halijambo.

Sikuchekeshwa.

Nimekuuliza swali moja na umenipiga chenga kama mwanafunzi ambaye hajasoma. Nalirudia: mshono uliachia wapi?

Na Mama alisikia kugonga kwa namna gani? Mara ngapi? Unajua kwa nini nauliza. Kibonge akijaribu kayaki mpya alikuwa anajipindua kusudi, kichwa chini, miguu ndani, halafu anagonga ubavu kwa ndani mara tatu. "Nipo." Baada ya hapo anateleza kutoka kwenye pete ya kiunoni na kuibuka akitema maji na maneno. Wewe ulikuwa unahesabu kwa sauti ukiwa ufukoni. Moja, mbili, tatu, mdogo wangu yupo.

Usiniambie ni mara tatu.

Dada yako

10 Mei

Kaka,

Karibu mwezi mzima na hujaandika. Ninakujua, ukinyamaza ni ama unaumwa ama unatengeneza kitu. Kama Mama hajambo, tuma hata mstari mmoja. Kama nilikuwa mkali, nilikuwa mkali kwa sababu, na sababu bado ipo.

Jana mteja ameleta turubai la kijani anataka liwe pazia la gereji. Nilipolikunjua harufu ile ya nta ikanipiga usoni nikalazimika kwenda kukaa kwenye ngazi. Mwenye duka akaniletea maji. Nilimwambia ni njaa.

Andika.

Dada yako

29 Mei

Mdogo wangu,

Mama ni mzima. Amepunguza kupanda ngazi kwa kuwa nimezificha. Paka amezaa, kwa hiyo hakuwa msimamizi, alikuwa anatafuta kliniki. Vitoto vinne, vyote vina mikia.

Uliuliza nilikuwa nafanya nini. Nilikuwa napinda pete. Ile ya kukalia, inayozunguka kiuno. Unakumbuka Baba alivyosema kwamba fremu ikikosewa mtu atalalamika, lakini pete ikikosewa hatapata nafasi ya kulalamika. Mwalimu wa kuogelea anataka pete ndogo. Nimepinda ya kwanza, ikatoka kubwa. Nikapinda ya pili huku nimeifunga kamba ya mwalimu kwenye kifundo cha mkono ili nisisahau, ikatoka kubwa vile vile. Ya tatu nikaibana kwa jiriwa usiku kucha, asubuhi nikaifungua, nikaipima. Zote tatu ukiziweka moja juu ya nyingine zinalala kama sahani.

Nikaingia mwenyewe kwenye fremu nikaketi. Nilipotea mle ndani. Nilikuwa kama nimevaa koti la mtu mwingine.

Halafu Jumanne, saa nne asubuhi, jua limejaa mlangoni, nimekaa juu ya ndoo nanoa patasi. Nikasikia mwenyewe. Siyo mlango. Ni ubavu wa fremu, ule wa upande wa mkono wa kulia. Mara tatu. Nikasema moyoni ni mbao inakauka, mbao mbichi hulia. Mara tatu, kimya. Kisha ya nne. Kisha ya tano, haraka haraka, na

Basi, karatasi imeniishia. Msalimie shemeji.

Kaka

6 Juni

Kaka,

Hongera ya vitoto vya paka.

Karatasi yako haikuisha. Ninayo hapa. Chini ya jina lako kuna nusu ukurasa mweupe, na ukiigeuza, nyuma kote ni peupe.

Kibonge hakuwahi kugonga mara nne. Miaka yote ile, mara tatu, halafu anatoka. Wewe umesikia ya nne na ya tano kabla ya Jumanne hiyo. Umezisikia zamani. Nimeona kwenye mwandiko wako, mistari inapanda kama mtu anayekimbia.

Sitauliza tena kuhusu mshono. Nauliza hivi: ya nne ilikuwa nini?

Usipojibu hili, Kaka, usiniandikie tena kuhusu goti la Mama wala paka. Nitajua tu kwamba sina kaka, nina mtu wa karakana.

Dada yako

21 Juni

Sindano,

Leo sina salamu.

Kuna kifurushi pamoja na barua hii. Usikifungue kwanza. Soma.

Ile kayaki haiko chini ya ziwa. Haikuzama hata dakika moja. Nilidanganya.

Wewe ulimaliza mshono Jumanne, ukakunja vitu vyako, ukaenda. Iliyobaki ilikuwa pete. Ijumaa niliweka mbao kwenye mvuke, ikaiva, nikaenda kwenye msumari wa tatu kuchukua kamba ya Kibonge. Haipo. Nilitazama chini ya meza, kwenye vumbi la mbao, nyuma ya mlango. Haipo. Ningeweza kumngoja afike Jumamosi nimpime upya. Ni kazi ya kunywa kikombe cha maji. Lakini mbao ilikuwa tayari laini, na mimi nilikuwa na ule ujinga wangu wa kutotaka kupoteza mbao. Nikachukua kamba yangu mwenyewe, nikaongeza vidole vinne kwa kukadiria. Nikajiambia, nimelala chumba kimoja na huyu mtoto miaka kumi na tano, nyonga zake nitashindwa kuzijua?

Jumamosi akaja. Akaingia kwa kujinyonganyonga. Akasema, "Kaka, hii ni kayaki au suruali yangu ya darasa la kwanza?" Nikamwambia avute tumbo. Akavuta tumbo, akazama hadi kiunoni, tukacheka sote. Hilo ndilo nisilolivumilia. Tulicheka.

Alikwenda hatua kama arobaini kutoka ufukoni, akanipungia kafi, akajipindua. Akagonga mara tatu. Nikahesabu kwa sauti. Halafu akagonga tena. Nikasema, huyu ameanza utani wake, maana alijua kubana pumzi kuliko sisi sote. Akagonga tena. Nilikuwa nimekaa juu ya ndoo, Sindano. Nilikaa juu ya ndoo nikamwambia kwa sauti, "Toka huko, nimeshakusikia." Sijui aligonga mara ngapi. Nilikuwa nacheka, sikuhesabu.

Nilipofika alikuwa bado amo ndani. Nilikata pete kwa kisu ndipo akatoka. Kayaki ikachukuliwa na upepo. Watu walipokuja mbio wakaniuliza imekuwaje, mdomo wangu ukasema mshono. Sikupanga. Nilitaka kusema pete, likatoka neno mshono, na likishatoka watu walilibeba wakaenda nalo. Siku ya mazishi nililirudia nikiwa na akili zangu zote, kwa hiyo usinipe nafuu kwamba nilichanganyikiwa.

Siku nne baada ya mazishi niliikuta kwenye matete, imepinduka, kavu ndani kama kabati. Wewe ulikuwa bado uko nyumbani, unakunja nguo zako, humtazami mtu. Ningekuita uone. Sikukuita. Niliipandisha darini, nikaifunika kwa mbao, na tangu siku hiyo iko juu ya kichwa changu kila ninapofanya kazi. Nimeishusha wiki hii.

Kifurushi ni mshono wako. Nimeukata wote, kuanzia mbele hadi nyuma, na turubai vidole vitatu kila upande. Ile sehemu ya kiungo uliyonitajia, yenye fundo bapa, kabla ya kuikata niliikunja kama mfuko, nikajaza maji, nikaitundika kwenye boriti siku mbili na ndoo chini yake. Ndoo ilibaki kavu. Miaka miwili darini, na halikudondoka tone.

Haukuwa mshono. Haukuwahi kuwa mshono.

Kaka yako, kama bado unaye

8 Julai

Kaka,

Nimekifungua dukani, kwenye meza ya kukatia. Nimeutandaza, umefika mwisho wa meza ukaning'inia. Nimeupitia kwa kucha, tundu kwa tundu. Wote mzima. Kiungo kimekaza hata sindano haipenyi. Nililia hadi mwenye duka akafunga mlango na kugeuza kibao, na safari hii sikumwambia ni njaa.

Nianze na langu kwako, halafu nitakwambia langu mwenyewe.

Sijakusamehe. Nimejaribu leo asubuhi, nimeshindwa, sitakudanganya. Kuhusu pete ningekusamehe siku ile ile, mbele ya kaburi, ningekushika mkono. Lakini uliniangalia nikikunja nguo. Uliona naondoka nyumbani kwetu kama mtu aliyefukuzwa, na kitu cha kunizuia kilikuwa juu ya dari yako. Mwambie Mama. Mwambie kwa mdomo, kwenye sikio la kulia linalosikia kidogo, siyo kwenye kibao. Na majirani pia, wale walioniangalia vidole.

Sasa langu.

Umeniuliza kuhusu kamba ya Kibonge mara mbili na mara zote mbili nimeruka swali. Hukuona kwa sababu ulikuwa unaruka la kwangu. Kamba ninayo. Iko kwenye kopo la vifungo, nimeizungusha kwenye kibiringo cha uzi.

Niliichukua Jumanne ile. Kibonge alikuwa ameshapata barua ya kuanza kazi ya ualimu na hakuwa na koti la maana. Nikasema nitamkatia kwa siri, nyonga na mkono viko kwenye kamba, kwa nini nimpime akajua? Nikaichomoa kwenye msumari wakati umekwenda kuchota maji. Nilikusudia kuirudisha Jumapili. Sikujua kwamba pete ilikuwa bado. Nilidhani umeshaipinda, iko imeegemea ukutani kama siku zote.

Baada ya mazishi sikuirudisha, nikajiambia ni kumbukumbu, na nikiitoa mtaichukua. Ulipouliza mwezi wa tatu nikaona aibu kuonekana mwizi wa kamba. Ilikuwa aibu ndogo tu, Kaka, ya mtoto aliyekula sukari. Sasa nimesoma barua yako, na imekuwa kitu kingine. Uliitafuta chini ya meza na kwenye vumbi, na ilikuwa kwenye mfuko wangu, ninakata nayo mkono wa koti.

Usiniandikie kuniambia si kosa langu. Najua utataka, na mimi nilitaka kukuandikia hivyo hivyo kuhusu ndoo. Tusipeane.

Ninaituma. Iweke kando ya fremu kama ulivyotaka. Koti liko hapa vipande vitatu, mgongo na mikono miwili. Halijawahi kushonwa.

Sindano

24 Julai

Mdogo wangu,

Kamba imefika. Sikuifungua karakana, nilikaa nayo jikoni mbele ya Mama, mezani, katikati ya vikombe. Aliitambua kabla yangu. Akaishika fundo la nyonga akalipima na kiganja chake, akasema, "Huyu alikula."

Basi nikamwambia. Kwenye sikio la kulia, kama ulivyoagiza. Nilisema yote, pete, ndoo, mshono, dari. Nilipiga kelele kiasi kwamba majirani sina haja ya kuwaambia, wamesikia. Hata hivyo nilikwenda nyumba kwa nyumba siku iliyofuata, nikasimama mlangoni nikasema dada yangu alishona sawasawa, aliyekosea ni mimi. Mmoja alinifungia mlango. Alikuwa na haki.

Mama aliirudisha kamba mezani. Kisha akasema, "Siku ile nilikuwa nafua. Nilisikia kugonga, kunatoka majini, kunafika mpaka kwenye beseni. Nikasema moyoni, wanangu wako kazini." Akageuza uso. "Ndiyo sauti ya mwisho niliyoisikia vizuri. Nyingine zote tangu hapo zimekuwa za mbali."

Nilidhani atanilaani. Aliniuliza tu kama nimekula.

Halafu nikaenda karakana na kamba. Nikaiweka kwenye fremu. Sindano, fundo la nyonga limeangukia pale pale. La paja, pale pale. La mguu limegusa ubao wa kukanyagia. Nikachukua zile pete tatu, nikazipima moja moja, na kila moja fundo limekutana na fundo. Ile kamba sikuwa nayo miaka miwili, na vipimo vyake sikuwahi kuviandika. Mikono ilikuwa inavijua. Ilikuwa inavijua hata Ijumaa ile, ningeiacha ifanye bila kamba yoyote, bila yangu wala yake, ingepinda pete inayomtosha. Niliizuia kwa kuipa kamba isiyo yake. Hili nalijua sasa na nitakaa nalo.

Nimeirudisha kwenye msumari wa tatu. Tangu hapo sijasikia kitu, na Mama hajauliza nani yuko mlangoni. Ungefikiri ningefurahi. Karakana imekuwa kimya hadi nasikia vitoto vya paka vikinyonya. Siku mbili za kwanza nilijikuta nimeacha kazi, nimekaa juu ya ile ndoo, nasubiri. Jana ndoo nimeitoa nje nikaitoboa.

Mwalimu wa kuogelea nimemweleza ukweli, kwamba fremu hii si yake na kwamba sina hakika kama ninaweza kumtengenezea yake. Akanitazama, akasema atangoja, ila nimpime tena mbele yake na nimwonyeshe pete kabla sijaifunga. Nimempenda kwa hilo.

Fremu imebaki uchi katikati ya karakana. Sina moyo wa kuivunja kwa mara ya pili. Mama anasema mtoto haachwi nje bila nguo. Sikuombi. Nakuambia tu ilipo.

Kaka yako

1 Agosti

Kaka,

Shemeji yako anawasalimu na amenipa mkate, nitaubeba, mtajua la kuufanyia.

Nimeomba ruhusa wiki mbili. Nakuja Alhamisi kwa basi la asubuhi. Nimenunua turubai lile zito, uzi na nta. Sindano ninazo zile zile, sikuwahi kuzitupa. Nimebeba na vipande vya koti, nitavishona hapo kwa Mama, tutajua baadaye litavaliwa na nani.

Bado sijakusamehe, nakwambia mapema ili usije stendi na uso wa sherehe. Lakini njoo stendi.

Na zile pete usiziguse. Nikishamaliza kushona ngozi tutachagua moja tuipime mara ya mwisho kabla ya kuifunga, mimi nimeshika kamba upande huu, wewe umeshika upande ule, na Mama akiwa amekaa karibu ahesabu mafundo kwa sauti.

Sindano